Soko la Kuingiwa Mara Mbili

Nyinyi mnaorusha droni juu ya bati langu hapa Viwanja Sitini, ziteremsheni kidogo tuzungumze. Kuku wangu wameacha kutaga, nami nimestaafu, kwa hiyo muda wa kuwagombeza ninao.

Juzi mmoja wenu aliniamkia vizuri, akanionyesha kwenye simu picha ya nyumba mpya ya wageni aliyoipiga kutoka angani. Akaniuliza, "Mzee Prosper, jengo kama hili ungelipiga kwa setingi gani?" Nikamwambia aniambie kwanza watu wanaingilia mlango upi. Hakujua. Alikuwa amelizunguka lile jengo asubuhi nzima kama mwewe, na mlango hajauona.

Nimepiga picha Ifakara maisha yangu yote ya kazi. Harusi, ubatizo, pasipoti, mahafali, misiba. Lakini maradhi yangu yalikuwa majengo. Nikiona ghorofa jipya, nasahau niliyekuja kumpiga. Kuna kijana wa Kisawasawa alinikodi nimpigie video ya harusi kwenye ukumbi uliokuwa umefunguliwa karibuni, ukumbi wa kwanza niliouona wenye dari la kushuka ngazi ngazi, na taa zimefichwa humo. Alipokuja kuangalia kazi aliitazama yote, kisha akaniuliza kwa adabu, "Kaka, mimi niko wapi?" Nikarudisha nyuma. Nikamwonyesha. Alikuwa kwenye kioo cha mlango, amegeuka pembeni, anafuta jasho. Mke wake alionekana kuanzia mabegani kwenda juu, kwa sababu nyuma ya kichwa chake kulikuwa na nguzo nzuri mno.

Aliyeniambukiza ni Mzee Kassimu, mwalimu wangu enzi za filamu, wakati ambapo ukikosea hujui mpaka ukasafishe. Yeye hakupiga jengo bila kumsimamisha mtu mbele yake ili ukubwa ujulikane. Na mtu huyo alikuwa mmoja siku zote, shemeji yake, Bwana Athumani, mrefu, mwenye koti, asiye na shughuli maalumu. Benki, Athumani mbele. Shule, Athumani. Kituo cha reli, Athumani. Akaja mgeni kutoka mbali kutafuta mahali pa kupanga, akafunua albamu yote pale studio, akatoka moja kwa moja kwenda kumtafuta Bwana Athumani, mwenye mji. Athumani hakutaka kumvunjia mgeni heshima. Alimtembeza mji mzima akimwonyesha mali yake, na jioni akamkatalia kwa upole, akisema kwa sasa nyumba zote zina watu.

Mnacheka, lakini lile la mtu mbele ya jengo lishikeni. Na jingine: bonde letu lina unyevu, ukungu huota ndani ya lenzi. Mimi za kwangu nilizilaza kwenye ndoo ya mchele mkavu, zimefungwa kitambaa. Ila mjulisheni mpishi. Kwangu mgeni aliwahi kukuta kifuniko cha lenzi kwenye pilau, akakisukuma pembeni ya sahani kama mfupa, hakuuliza kitu.

Sasa lile soko la Mama Leokadia. Mnalipita kila siku mkielekea barabara ya Namawala, na nadhani mnaamini lilijaa lenyewe.

Mama Leokadia ni mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ng'ambo ya barabara kutoka kwenye mashine yake wanawake walikuwa wakiuza mboga chini, juu ya magunia, jua linawapiga na vumbi la malori linawaangukia. Alikuwa akiwatazama kupitia dirishani miaka mingi, mpaka ikamuuma. Akaita msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, binti mmoja anaitwa Hilda, wakajenga soko la kisasa kwenye kiwanja chake mwenyewe: sakafu ya marumaru nyeupe, kuta nyeupe, paa limeinuka upande mmoja. Siku ya kufungua, padri aliomba, shekhe aliomba, watu walikula, vigelegele vikapigwa. Kesho yake wanawake wote wakarudi kwenye vumbi, wakatandika magunia yao, wakakaa wakilitazama soko.

Mwezi ukapita. Mbuzi tu ndio walioingia, na wenyewe hawakukaa.

Mama Leokadia akaniita. "Prosper, wewe watu wamekuzoea. Chukua kamera yako ukaangalie wana nini."

Nikaenda kwa Mama Shani, muuza bamia na nyanya, Mndamba wa bonde hili, mwenye sauti ya kusimamisha bodaboda iliyo kwenye mwendo. Nikamuuliza kwa nini haingii.

"Kaka Prosper, nimejaribu," akasema. "Nikiingia mle naanza kunong'ona. Sijui kwa nini. Mteja akija namwambia bei taratibu, kama kuna mgonjwa amelala. Sasa nyanya utaziuzaje kwa kunong'ona?"

Niliona ananitania. Nikategesha kamera pembeni ya mlango, chini, usawa wa miguu, nikaiacha inarekodi. Jioni nikatazama, na nilichokiona sikukitegemea. Kila aliyefika kwenye marumaru alivua viatu. Wengine walivishika mkononi. Mzee mmoja alivua na kofia, akazungusha macho, akamuuliza mlinzi kama daktari ameshafika.

Nikamwonyesha Mama Leokadia kwenye kioo cha kamera. Alitazama zile ndala zilizopangwa mlangoni, akakasirika.

"Nimejenga soko mimi. Sikujenga zahanati."

"Ni hizi marumaru nyeupe, Mama."

"Marumaru ni usafi!"

"Ndiyo. Na wao wanauheshimu."

Akazitazama tena zile ndala, akasema, "Basi tupige filamu. Tujaze watu mle ndani, tuwaonyeshe kwenye ukuta wa mashine yangu. Wakiona watu wako ndani wamevaa viatu, wataingia."

Watu wa kujaza tuliwapata kwenye kwaya ya kanisani kwa Mama Leokadia. Bidhaa tuliazima kwa wale wanawake wa barabarani. Mama Shani alikubali kutoa nyanya na bamia, lakini hakukubali kuziacha zenyewe, kwa hiyo akaja nazo, akaketi kwenye kona kuzilinda.

Kuongoza kwaya iigize soko, vijana, msikubali. Niliwaambia wapatane bei. Sauti ya kwanza wakaanza, "Punguza, mama," sauti ya pili wakadaka, na besi wakafunga kwa "haipungui." Nikasema, hapana, semeni tu kama watu. Wakajaribu. Ilikuwa haiwezekani, mmoja akifungua mdomo wenzake wanamjazia. Na wote walikuwa wamevua viatu. Nikawavalisha kwa nguvu, mmoja mmoja.

Katikati ya hayo akaingia Mzee Masanja. Huyu ni mfugaji, Msukuma wa huko Namawala, alikuja kutafuta mboga za nyumbani, amevaa mabuti ya mvua na fimbo begani. Hakujua kitu kuhusu filamu. Alivyoingia mlangoni, mwanga ulimkaa vizuri ajabu, na mimi nilikuwa nimechelewa kuwasha. Nikamwomba, "Mzee, samahani, naomba utoke uingie tena."

Hakuuliza. Akatoka, akaingia tena, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amesimama nyuma ya nyanya akiigiza. Akamwuliza bei. Mwalimu, kwa kuwa alishaizoea kazi, akamtajia. Masanja akalipa, akaanza kuzimimina kwenye mfuko.

Mama Shani akasimama kule kwenye kona.

"Nyanya zangu hizo! Wewe mwalimu, nani kakutuma uuze nyanya zangu?"

Sijui mnaelewa ukuta mtupu unafanya nini kwa sauti ya namna ile. Iligonga huku, ikagonga kule, ikatoka mlangoni kubwa mara tatu ya ilivyoingia. Ng'ambo ya barabara wanawake wote waliinuka. Walikuja mbio wakidhani watu wanauana, na viatu vyao miguuni, na waliokuwa na ndoo kichwani wakaja nazo. Kila mmoja akaanza kusema la kwake kwa sauti ya juu. Mwalimu wa kwaya analia, "Mimi naigiza!" Masanja anasema, "Mimi nimelipa." Ndani ya muda mfupi mtu mmoja akamwuliza mwenye ndoo ya dagaa, fungu ni kiasi gani.

Mimi nilikuwa nimewasha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua stendi yangu ya kamera, nikakuta wanawake wamepanga bidhaa ndani, wamevaa kanga mpya, wengine wamesuka. Mama Shani akaniuliza, "Picha inaanza saa ngapi?"

Nikasema nimemaliza, naenda kuhariri. Wakatazamana. Nilipofika barabarani na stendi begani, nikageuka: walikuwa wananifuata na magunia yao, wanarudi kwenye vumbi.

Mama Leokadia alifika kwangu kabla sijanywa chai.

"Rudi ukasimame."

"Kadi imejaa, Mama. Na betri imevimba, haiwaki tena."

"Nimesema upige? Nimesema ukasimame."

Nikarudi. Nikasimama nyuma ya kamera mfu, nikaziba jicho moja, na soko likajaa. Ndivyo nilivyopata kazi ya mwisho kabla ya kustaafu, na ndiyo niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nilivyomweleza mke wangu. Mchele wa mashine ya Mama Leokadia haukukatika nyumbani. Nilikuwa nafika asubuhi, nategesha, nafuta lenzi kwa kitambaa, nainama. Nikiinama, wanapaza sauti.

Mambo yakaanza kujizalia. Watu walikuwa wanapita karibu mno na kamera, nikachora chaki chini kuonyesha picha inaanzia wapi na kuishia wapi, ili wasikanyage. Kufika wiki iliyofuata chaki yangu ilikuwa imekuwa njia. Mikokoteni ilipita humo, mabishano ya mipaka yakaamuliwa kwa hiyo, na mama mmoja wa samaki akaja kulalamika kwa Mama Leokadia kwamba kambale wake wako nje ya picha tangu mwezi uanze. Ili kuleta haki, ikabidi kila Jumatatu niigeuze kamera kidogo kuelekea kushoto. Soko zima likawa linahama nayo. Ukija baada ya mwezi, nyanya ziko zilipokuwa ndizi.

Na Mzee Masanja. Yeye alikuwa ameelewa kwamba utaratibu wa pale ni kuingia, kutoka, na kuingia tena. Kila alipokuja alifanya hivyo, kwa uso wa mtu anayeheshimu sheria za mji. Waliokuwa nyuma yake wakafuata. Wageni wakaona wenyeji wanafanya hivyo, nao wakafanya. Ikafika mahali ukiingia mara moja tu, wanawake wanakutazama vibaya, na mmoja atakwambia, "Baba, rudi uingie vizuri."

Hapo ndipo alipokuja Hilda, yule msanifu. Alikuwa na kamera yake nzuri na alitaka kupiga picha za soko kupeleka kwa wasanifu wenzake, walioahidi kutazama kazi za vijana. Alisimama mlangoni akaona umati unatoka na kuingia. Akaniamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ingia tena."

"Nimeshaingia."

"Najua. Ingia tena."

Akaingia tena. Binti mwenye malezi. Akanieleza shida yake: alihitaji jengo liwe tupu, dakika chache tu, ili mistari ionekane. Picha za majengo, alisema, hupigwa bila watu. Nikamkumbuka Bwana Athumani na koti lake, lakini nikanyamaza. Mama Leokadia aliposikia neno "tupu" alishika kichwa.

"Hilda, mwanangu, nimelijaza kwa taabu hili. Wakitoka, nani ananihakikishia watarudi?"

"Kwani wanafuata nini humu, Mama?"

Mama Leokadia akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kamera. Hilda akasogea, akataka kuona ninavyolipanga jengo kwenye fremu yangu, akainama akachungulia. Kisha akainuka, na kwa mshangao wa kawaida kabisa, wala si kwa ubaya, akasema:

"Mzee, mbona kamera haiwaki?"

Zile kuta zikalichukua hilo swali zikalipeleka kila kona.

Soko lilinyamaza. Nilisikia kambale wakijigeuza ndooni. Mama Leokadia alifumba macho. Mimi nilianza kukunja miguu ya stendi, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Mama Shani ndiye aliyesema, bila kuinuka kwenye bamia zake.

"Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba haiwaki. Tangu ulipoanza kusinzia nyuma yake. Mtu anayepiga picha hakoromi, kaka Prosper."

Mama wa samaki akaongeza kwamba yeye alishachungulia siku nilipokwenda msalani, akakuta giza.

"Sasa mlikuwa mnakuja kufuata nini?" nikauliza. Nilikuwa nimeumia kidogo, sitawaficha.

"Mimi niliingia kulinda nyanya zangu," Mama Shani akasema. "Nikapata wateja. Wamezoea kunikuta hapa, kwenye kivuli. Nitoke niende wapi? Wewe ndiye tulikuwa hatujui unafuata nini. Tukasema labda nyumbani kuna maneno, tukamwacha mzee asimame."

Mama Leokadia alicheka mpaka akakaa chini, kwenye marumaru zake, na gauni lake jeupe.

Lakini shida ya Hilda ilikuwa palepale, kwa sababu sasa hakuna aliyetaka kutoka hata dakika moja. Walikuwa na wateja. Akazunguka, akatazama, kisha akaniambia, "Mzee, kuna njia. Nikiacha shata wazi muda mrefu, wanaotembea hawataonekana. Litabaki jengo. Ila mchana huu mwanga ni mwingi, picha itaungua. Kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi nimekiacha Dar."

Nikafikiri. Nikamwambia anisubiri, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti karibu na mashine, nikaazima kile kioo cha kukinga macho. Tukakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa kufungia nywele wa Hilda mwenyewe. Kinatia rangi ya kijani, lakini ukiigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, hakuna anayejua. Tena lishikeni hilo, vijana, na mkirudishe kioo cha watu.

Akaweka kamera yake juu ya stendi yangu, akafungua shata, mwanga ukaanza kuingia. Tukasubiri. Watu wakaendelea kupita, kuinama, kupima, kubishana, kutoka na kuingia tena. Mimi na yeye tulisimama kimya kama watu wanaosubiri wali uive. Akafunga.

Picha ilipotokea kwenye kioo, soko lilikuwa tupu kabisa. Umati wote umeyeyuka, umebaki kama ukungu hafifu usawa wa magoti. Mistari ya paa, kuta, sakafu, vyote vimenyooka. Na katikati ya jengo lile kubwa jeupe, peke yake duniani, mkali kama amekatwa kwa wembe, ameketi Mama Shani na mafungu yake ya bamia. Muda wote ule hakuwa amejitikisa hata kidogo. Nilijua anakaa kwa utulivu. Sikujua ni kwa kiasi kile.

Hilda akakiinamia kioo. Alikuwa amekuja kupiga picha isiyo na mtu, na aliitazama ile kwa muda mrefu sana. Mwisho akasema, "Hii ndiyo nitakayopeleka."

Aliporudi Dar, aliichapisha kubwa na kuituma kwa basi. Nikampelekea Mama Shani mwenyewe. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kwa ncha za vidole, akaikagua.

"Wateja wangu mmewapeleka wapi?"

"Hawakutulia," nikamwambia. "Aliyetulia ni wewe."

"Mtu akiiona hii atasema siuzi."

"Atasema soko ni lako."

Kidole chake kilikuwa kimepanda kwenye picha, juu ya kichwa chake, juu ya ukuta, mpaka chini ya paa, mahali ambapo Hilda alikuwa ameweka safu ndefu ya vidirisha vyembamba. Vilikuwa vinaingiza mwanga bila kuingiza jua, na huo ndio mwanga uliokuwa umemwangukia yeye.

"Hivi ni nini?"

"Madirisha."

"Ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

Akainua uso. Popote kamera ilipomhamishia, alikuwa amekaa chini ya safu ile ya madirisha tangu siku ya zile nyanya, na hakuwa amewahi kuyatazama, kwa sababu bamia ziko chini na wateja wako mbele. Mdomo ukaachama kidogo. Kulikuwa na wingu linapita huko nje, na mwanga ukawa unasogea juu ya ukuta, unafifia, unarudi.

Mteja akafika, akainama, akachagua fungu, akauliza bei. Akauliza tena.

"Subiri kidogo," Mama Shani akamwambia, uso bado uko juu. "Naangalia."